Ukoo wa Kratos Mbele ya Kambi ya Chifu

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika shuleni hata bawabu hajafungua lango, nimevaa suti ya kuazima iliyonibana makwapa. Miaka ya tisini ilikuwa ndiyo inaanza. Shule yetu ya sekondari ilikuwa Eastlands, karibu na viwanda vya Baba Dogo, na wanafunzi walikuwa watoto wa makarani, madereva, wachonga vinyago na wauza nguo. Mwalimu Mkuu alinitazama juu ya miwani. "Wewe ndiye wa Kiingereza? Mwone Mkuu wa Idara. Na usibishane naye."

Mkuu wa Idara alikuwa mama mfupi kutoka Ukambani, tukimwita Mama Idara. Aliniuliza nitafundishaje msamiati. Nikajibu kama tulivyofunzwa chuoni: maneno ubaoni, wakariri, Ijumaa mtihani. Alicheka mpaka akashika meza.

"Mwalimu, hakuna mtoto anayekariri majirani wote. Mjulishe kwa babu yao, wajukuu atawatambua mwenyewe."

Babu kwa lugha yake ni mzizi, kile kipande cha neno kinachobeba maana. Kiingereza kimejaa mizizi ya Kigiriki. Tele ni mbali, foni ni sauti, ndiyo hiyo telefoni. Bio ni uhai na logia ni elimu. Ukiviunganisha, una somo la viumbe hai. Mzizi pamoja na maneno yake yote aliuita ukoo.

Kila wiki tulichukua ukoo mmoja, na ukoo uliimbwa. Upande mmoja wa darasa unatoa Kigiriki, upande wa pili unajibu maana, kwa sauti kubwa. Hata wakienda nyumbani ilibidi waimbe njiani, kwa sababu Mama Idara aliamini neno lisilotoka nje ya lango halijaingia kichwani. Haki ya Mungu, njia hiyo ilifanya kazi. Watoto walikuwa wakifungua maneno wasiyowahi kuyaona kama mtu anayemenya ndizi.

Nyinyi walimu wa siku hizi hamwezi kujua hofu ya miaka ile. Watu walikuwa wakidai vyama vingi, polisi wamejaa mitaani, na siasa ilizungumzwa kwa kunong'ona hata kitandani. Mimi ni mwoga wa kuzaliwa, sifichi. Lakini koo zetu tulizifuata kwa alfabeti, nami sikutazama mbele. Katikati ya vurugu hizo tukafika herufi ya K. Kratos, nguvu. Nikaongeza demos, watu, ili wapate neno demokrasia, kisha nikaenda kunywa chai yangu bila wasiwasi wowote.

Jioni watoto wakaenda nyumbani wakiimba kama kawaida. Njia yao ilipita mbele ya kambi ya chifu, ile ofisi ya serikali yenye polisi wake.

"Demos!"

"Watu!"

"Kratos!"

"Nguvu!"

Wafanyakazi waliokuwa wakitoka viwandani wakasimama. Wengine wakapiga makofi, wengine wakaitikia. Ai! Wao walijuaje kama ni somo la Kiingereza? Msichana mmoja wa kidato cha pili, Halima, alirudi mbio mpaka chumba cha walimu, kiatu kimoja mkononi.

"Mwalimu, kumeharibika! Makarao wametutimua, wanauliza nani ametufunza hiyo wimbo."

Usiku huo usingizi niliusikia kwa majirani tu. Kila mlango uliobishwa pale plotini nilikopanga chumba nilidhani ni wangu.

Kesho yake wanaume wawili wenye makoti, makachero wa serikali, walikaa nyuma ya darasa langu. Mwalimu Mkuu alikuwa amenishika mkono nje, jasho likimtoka. "Fundisha. Ukiteleza, mimi sikujui." Mmoja wao akamwelekezea Halima kidole.

"Wewe. Kratos ni nini?"

"Ni nguvu, sir."

"Nguvu ya nani?"

Halima akasimama wima.

"Inategemea neno lililo mbele yake, sir. Kuna nguvu ya mtu mmoja, kuna ya matajiri, kuna ya watu. Zote ni ukoo mmoja."

Yule bwana hakucheka. Alinigeukia mimi. "Nani amekuonyesha kufundisha hivi?"

Nilifungua mdomo, hakikutoka kitu. Hapo sauti ikatoka mlangoni.

"Ni mimi," alisema Mama Idara. "Huyu ni mgeni, anafuata nilivyomwambia."

Wakaondoka naye. Kibeti chake kilibaki juu ya meza yake.

Alirudi wiki kadhaa baadaye, amekonda, na mkono wake wa kulia haukuweza tena kufumbika. Nilimwambia tuachane na koo, watoto wakariri tu kama shule nyingine.

"Unaogopa?" akaniuliza.

"Naogopa sana, mama."

"Hata mimi. Basi tutafundisha tukiogopa. Wewe andika, mimi nitasema."

Tulifundisha hivyo, mimi ubaoni na yeye kando yangu, mpaka alipostaafu.

Siku yangu ya kustaafu ilipofika, walimu waliniandalia chai na keki, wakaniomba niwaachie neno la hekima. Nilisimama. Nikatazama kwanza, kwa woga ule ule wa zamani, ni nani amekaa karibu na mlango. Ndipo nikawasimulia habari za yule mama, kwamba niliulizwa swali mimi, akajibu yeye.