Mwandishi Asiyejua Kupatana Bei

Mama Milango huuza milango iliyotumika, ile inayong'olewa kwenye nyumba zinazobomolewa. Milango hiyo imemjengea nyumba, na kwake neno la kwanza si la kuaminiwa, ni la kuanzia.

Ofisi ya mji ilipotaka uwanja wetu uwe maegesho ya magari, sisi wauzaji tulimchagua yeye aongee na mwandishi wa redio. Uwanja ukienda, nasi tumekwenda.

"Mko wangapi hapa, mama?"

"Elfu mbili," akajibu, akatulia kumsubiri ashushe.

Mwandishi akasema, "Ahsante sana," akaenda zake.

Tulikuwa kumi na mmoja.

"Hakushusha hata kidogo!" Mama Milango alilalamika redio ilipotangaza. "Mtu mzima anatajiwa bei ya kwanza, anaondoka nayo? Huyo kwao hawajawahi kumtuma sokoni!"

Kesho yake akaja afisa wa mji, na mwandishi yuleyule nyuma yake, matangazo yakienda hewani moja kwa moja.

"Wako wapi hao elfu mbili?" afisa akafoka. "Waongo nyie! Leo mnahama!"

Tukaona maji yamezidi unga. Mama Milango aliendelea kupaka bawaba mafuta.

"Na magari yako, baba, ni mangapi?"

"Elfu tatu."

"Haya, punguza."

"Nipunguze nini? Hayo ni makadirio ya wataalamu!"

"Nami nilikadiria. Punguza, nipunguze."

Afisa akautazama uwanja, akakitazama kipaza sauti. "Mia tano."

"Wauzaji mia nne. Usinibane, nina wajukuu."

"Magari mia mbili, na hapo nakula hasara!"

Mwandishi alihamisha kipaza sauti huku na kule, jasho likimchuruzika. Mama Milango akainuka, akajitia kuondoka. Afisa akamkimbilia: "Rudi basi, mama, mbona hasira? Sema wewe ya mwisho."

Ya mwisho ikawa wauzaji kumi na mmoja, magari ishirini. Magari ishirini yanaenea kando ya ukuta bila kugusa mlango wa mtu. Wakapeana mikono, uwanja ukabaki wetu.

"Samahani," mwandishi akauliza, "sasa mimi nitangaze idadi ipi?"

Afisa akamtazama kwa huruma. "Ndugu yangu, watu wameshapeana mikono, wewe bado unauliza bei?"