Turbo ya Atumani

Bulaimu wa Kasongo alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: hakuvumilia kupitwa. Kwenye barabara ya Kabambare, hata pikipiki iliyobeba mbuzi ikimpita, siku yake ilikuwa imeharibika. Na jeep yake, masikini, ilikuwa na injini ya dizeli nzuri lakini haina pumzi. Kilima cha kabla ya Lusangi ilikipanda ikilia, abiria wameshuka wanasukuma huku wanamsema. Ndipo alipoamua kuitia turbo, kile kifaa kinachozungushwa na moshi wa injini na kuisukumia hewa ndani ipate nguvu.

Katika garaji ya Alimasi, fundi wake wa miaka mingi, turbo mbili zililazwa juu ya gunia. Moja ilikuwa kubwa, mpya, imetoka Goma, inang'aa mpaka Bulaimu akaishika kama mtoto wa mwenziwe. Alimasi hakuhadaika na mng'aro huo. Alimweleza kwamba turbo kubwa huchelewa kuamka. Kwenye matope italala, halafu itaamka ghafla na kumtupa mtaroni. Ile ndogo huamka mapema, gari likiwa bado linatambaa, na ingeingia bila kukata bomba hata moja. Ndiyo iliyomfaa. Tatizo ni kwamba ilikuwa ya Atumani.

Atumani alikuwa kaka yake Bulaimu, dereva pia. Mwaka uliopita, kwenye kivuko cha Nyangwe, jeep yake iliteleza ikaingia Lualaba. Jeep ilivutwa ikatoka. Yeye hakuonekana tena. Mkewe Régina, kule Lusangi, alikataa watu wasikae kilio, yaani matanga, kwa sababu, alisema, mume wake hupita barabarani kila siku mchana na yeye husikia turbo yake ikipiga mluzi. Kila siku alimpikia, na jioni akamwaga chakula. Ndugu walikasirika, kisha wakachoka, kisha wakaanza kumwogopa. Bila kilio hakuna wa kulia naye, na hakuna wa kumwambia sasa inatosha. Jambo hilo lilimuuma Bulaimu kuliko alivyosema. Lakini turbo aliing'oa yeye mwenyewe kwenye jeep iliyotolewa mtoni na kuificha chini ya kitanda, ingawa katika ukoo wao vitu vya mtu ambaye hajaliliwa haviguswi.

Alimasi alisukuma mhimili wa ile turbo ndogo kwa kidole, haukucheza. Ilikuwa imelala mtoni, na hata doa la kutu haikuwa nalo. Akaizungusha kidogo. Ikazunguka. Wakasubiri isimame, ikaendelea kuzunguka. Alimasi akaziba mdomo wa turbo kwa kiganja, labda upepo, ingawa nje hata jani halikutikisika, na chini ya kiganja ikaendelea. Alisema kwa sauti ndogo kwamba beringi ni nzima, akaenda kunawa mikono.

Bulaimu alichagua hiyo. Alisema ni kwa ajili ya injini, na injini kweli iliitaka. Lakini pia alikuwa na hamu ya kusikia ule mluzi tena, maana alimpenda kaka yake.

Safari ya kwanza, jeep ilikwenda kama imesukumwa na mkono. Chini ya kilima alisimama kununua ndizi kwa Malaika, mama anayeuza pale njiani, naye akamgombeza: jana alimpungia mkono, mbona alipita tu? Jana jeep ilikuwa Kasongo, haina magurudumu. Bulaimu alimuuliza nani alikuwa anaendesha. Malaika alijibu kwamba hakuona mtu, alisikia mluzi, na nani kwenye barabara hii asiyeujua mluzi ule? Bulaimu alisahau kuchukua ndizi zake.

Kilima kilipandwa bila mtu kushuka, lakini abiria walikuwa wamemsikia Malaika, na hakuna aliyefurahi. Mbele ya nyumba ya Régina alizima injini. Régina alikuwa amekwisha kutoka, sahani ya ugali na samaki mkononi, uso wake umefunguka kama wa msichana. Akamwona aliyekaa kwenye usukani.

"Ni wewe," akasema. "Mwaka muzima anapita hapa, hasimami. Leo amesimama, na ni wewe."

Bulaimu alishuka. Aliona aibu, na aliogopa, lakini kumdanganya hakuweza.

"Shemeji, hii turbo yake ilikuwa kwangu, chini ya kitanda. Mwaka wote. Nimeifunga jana."

Régina alifikiri. 

"Na ile inapitaka hapa kila siku, iko nini?"

Bulaimu aligeuka kuitazama barabara.

"Basi alikufa," Régina akasema. "Mutu akiwa na uhai, angesimama kwake."

Aliweka sahani chini, akaketi kwenye udongo, akapiga ukelele wa kilio. Majirani walikuja wakikimbia, wanawake wakafungua vilemba na kuketi naye. Walikuwa wakilia hivyo mluzi uliposikika kutoka upande wa Kasongo. Ulikaribia, ukapita mbele yao barabarani bila gari wala vumbi, ukaenda zake Kabambare. Wote waligeuza nyuso kuufuata. Régina hakuinua kichwa.