Mtoto wa Degedege Hachomwi Sindano

Juzi nilipita Kariakoo, kwenye vibanda vya dawa za miti shamba, mtu anachoma kinyesi cha tembo. Moshi ukanishika koo, nikasimama katikati ya watu kama mjinga.

Mara ya kwanza kuunusa moshi huo nilikuwa sijaanza shule. Kichwa kiliniuma wiki nzima, kisha nikaanguka, mkono wa kulia ukalegea, ulimi ukawa mzito. Shangazi akasema degedege. Akanifunika kanga, akanifukiza moshi huohuo mpaka macho yakavimba.

Baba akanipeleka hospitali, shangazi nyuma yetu. Daktari akaniambia nicheke, mdomo ukaenda upande.

"Hii siyo degedege," akasema. "Nahisi mishipa ya damu ya ubongo imevimba. Nitoe maji kidogo mgongoni kwa sindano, nijue."

"Sindano?" Shangazi akaruka. "Mtoto wa degedege hachomwi sindano, anakufa! Umezaa wewe?"

"Mama, tukichelewa mkono huu hautarudi. Baba mtoto, unasemaje?"

Nasikia kila neno. Nataka kusema nichomeni, mdomo unatoa mate tu.

Wa kulaumiwa nawataja: shangazi kwa kelele zake, na baba zaidi. Alikuwa balozi wa nyumba kumi, anaamua ugomvi wa mtaa mzima. Siku ile aliangalia kandambili zake, akasema, "Dada ameshasema."

Shangazi akanibeba mgongoni, tukakata viwanja vya Mnazi Mmoja kurudi nyumbani. Mkono wangu uliolegea ukawa unampigapiga kiunoni njia nzima, akawa ananigombeza nitulie.