Selotepu ya Kijani

Asubuhi ile tulikuwa tunachuma shamba la juu, mimi na Momanyi, umande haujakauka, aproni zetu za plastiki zikichuruzika maji hadi ndani ya gambuti. Ilikuwa Jumanne tu kama Jumanne nyingine. Momanyi alikuwa anaimba wimbo wa kwaya akiharibu maneno makusudi ili anichekeshe. Mama yake, aliyekuwa anachuma mistari mitatu kando yetu, alimtupia bonge la udongo na kumwambia Mungu si rika lake.

Kila mtu alikuwa na mstari wake. Momanyi alikuwa na mkono wa kushoto mwepesi kupindukia, na kila siku alimaliza kabla yangu. Lakini hakuwa anakimbilia mizani. Alikuwa anazunguka, anaingia mstari wangu kutoka mwisho wa pili, halafu anachuma akinijia mpaka tukutane uso kwa uso.

"Wewe Kibet, unachuma ama unasalimia kila jani?"

Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi miaka tisa. Hatukuwahi kuapa wala kuandikiana, lakini hakuna mmoja wetu aliyefika kwenye mizani peke yake.

Mimi ni Mkipsigis, kwetu ni upande wa Litein. Yeye ni Mkisii. Wazazi wake walikuja kufanya kazi ya chai kabla hatujazaliwa, naye akakulia katika nyumba za kampuni. Watu walizoea kutuuliza tunapatana vipi, na Momanyi alikuwa anajibu kwamba mimi ni mlafi na yeye anajua kupika.

Msimu huo mashine za kuchuma zilikuja. Zinanguruma siku nzima, wee-wee-wee, na watu wachache wakizishika wanamaliza kilima ambacho sisi kingetuchukua wiki. Tulirudishwa nyumbani na barua ya shukrani. Shukrani! Mwezi uliofuata, Litein sokoni, nilikutana na mwanamume mwenye shati safi aliyesema anatafuta watu wa kupanga mizigo ghalani, ng'ambo. Mimi ndiye niliyempelekea Momanyi hiyo habari. Naandika hivyo wazi kwa sababu watu wake wamekuwa wakinistahi na kusema tulidanganywa sote. Tulidanganywa sote, ndiyo, lakini yeye alidanganywa kupitia mdomo wangu.

Nchi tuliyopelekwa sitaitaja. Wenyewe wanajijua. Tulitia sahihi karatasi ambazo hata herufi zake hatukuzijua, na siku ya nne badala ya funguo za ghala tulipewa bunduki.

Nilifikiri basi, kama ni jeshi ni jeshi, risasi haichagui rangi. Kumbe jeshi linachagua. Wao, wanajeshi wa nchi ile, walilala kwenye handaki lenye mbao na jiko. Sisi, Waafrika kumi na mmoja kutoka nchi tofauti, tulilala kwenye shimo lililofunikwa turubai. Wao walikula kwanza, sisi tukakwangua sufuria. Wao waliitwa kwa majina, sisi sote kumi na mmoja tuliitwa kwa jina moja ambalo hatukuambiwa maana yake, na hatukuhitaji kuambiwa. Jioni walichemsha chai, harufu ikatufikia, na Momanyi akafunga macho akanusa kama mkaguzi wa kiwandani. "Hii ni ya kwetu, hata mlima naujua," akasema. Hakuna aliyetukaribisha. Tumewachumia chai maisha yetu yote na hatuwezi kupewa kikombe! Nilikasirika kuliko nilivyokasirika kwa sababu ya bunduki, na hadi leo sijui kwa nini kikombe cha chai kiliniuma hivyo.

Halafu kulikuwa na selotepu. Kila mwanajeshi alifungwa selotepu kwenye mkono wa koti, ajulikane akiwa mbali. Wao walifungwa ya kijani, na kila mmoja aliandika jina lake juu yake kwa kalamu nene. Sisi tulifungwa ile ya kahawia ya kufungia katoni, bila jina. Nilidhani ya kijani imewaishia. Mmoja wetu aliyetangulia kufika alinirekebisha: gari la majeruhi likija linatafuta kijani. Kahawia huchukuliwa nafasi ikibaki, na nafasi haibaki.

Kuna methali tunayoitumia kukaribisha watu: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kule haikuwa methali. Ilikuwa amri. Kila palipokuwa na mahali pa kuvuka, wageni walitangulia.

Kulikuwa na kijana mmoja wao, mwenye meno mabovu, ambaye hakuwa mbaya. Alimwona Momanyi akipuliza vidole kwa baridi, akamtupia glavu zake za sufu, kisha akaangalia pembeni kama mtu aliyeiba. Momanyi alinipa mimi. Alisema vidole vyake vimezoea umande wa shamba la juu, vyangu ni vya mtu wa kusalimia majani.

Siku hiyo tuliambiwa tuvuke shamba la mahindi hadi kwenye safu ya miti. Ilikuwa saa nne asubuhi. Mahindi yalikuwa hayajavunwa, yamekauka kwenye mabua, na mimi mkulima nilisikia uchungu kuyakanyaga. Tulitangulia sisi. Yule kijana wa glavu aliwekwa nyuma yetu ili asituache tugeuke.

Momanyi alikuwa mbele sana. Alifika kwenye miti.

Nikasikia wee-wee-wee juu. Ilikuwa sauti ile ile ya mashine ya kuchuma chai. Niliinua kichwa kuitafuta kilimani, kwa mazoea tu.

Kumbe ni droni. Ikaanguka kati yangu na yule kijana.

Sikusikia mlipuko. Nilijikuta chini, mdomo umejaa udongo, paja limefunguka. Upande mmoja wa uso haukuwa na hisia. Yule kijana alikuwa amelala karibu nami na sikuhitaji kumtazama mara mbili.

Niliita. Sauti haikutoka.

Halafu mabua yakatikisika mbele yangu, na mtu akaja akitambaa kutoka mwisho wa pili.

"Nyamaza," Momanyi akasema. "Nimekuja."

Alifunga paja langu kwa mkanda wake. Alinizungushia bendeji kichwa kizima, uso wote, akaacha jicho moja na nafasi ya kupumulia. Niliona anaburuta mguu. Nikamwonyesha kwa kidole.

"Nimeteguka tu," akasema.

Tukasikia gari. Momanyi alitazama mkono wangu, kisha akamtazama yule kijana aliyekufa. Alitambaa hadi kwake, akabandua selotepu yake ya kijani polepole isikatike. Ilikuwa moja tu. Akang'oa ya kwangu ya kahawia na kunifunga ile ya kijani. Akahakikisha glavu zimefunika ngozi hadi ndani ya mikono ya koti.

"Usiongee. Ukiongea watajua."

Sikukataa. Nilikuwa na mkono mzima, ningeweza kuibandua na kumrudishia. Sikufanya hivyo.

Wanaume wawili waliruka kutoka garini, wakaona kijani, wakaninyanyua. Momanyi alishika ukingo wa mlango. Mmoja alimsukuma kifuani kwa kiatu na kumwonyesha miti.

Mlango ukafungwa.

Hospitali ilikuwa shule. Walinilaza kwenye meza nzuri chini ya taa, daktari akanisemesha kwa upole, akilitaja lile jina lililoandikwa kwenye selotepu. Nesi alinishika mkono. Aliponivua glavu, aliuachia. Akamwita daktari. Walikata bendeji, wakaniosha udongo usoni, na kila kipande cha ngozi yangu kilipotokea chumba kilizidi kunyamaza. Kisha kelele zikaanza. Sikuelewa maneno, ila nilielewa jambo moja: walikuwa wanauliza wa kwao yuko wapi.

Nilitolewa kwenye ile meza nikawekwa kwenye korido. Na gari likawashwa. Jamani, nilifurahi! Nilijua linarudi palepale, kwenye yale mahindi, na Momanyi yuko pale. Nililala kwenye sakafu ile baridi nikimshukuru Mungu kwa Kikipsigis, kongoi, kongoi, kwa sababu hasira yao ilikuwa inaenda kumwokoa rafiki yangu.

Liliporudi walishusha mtu mmoja amefunikwa blanketi. Viatu vilikuwa vya yule kijana.

Nilimkamata dereva suruali alipopita. Kule walikuwa wanatusemesha kwa simu: wao wanazungumza lugha yao, simu inatamka Kiingereza kwa sauti ya mwanamke mpole. Nilimuuliza kwa Kiingereza changu cha shule kama hakuona mtu mwingine pale. Alifikiri kidogo, akaiambia simu. Mwanamke mpole akanijibu.

"Ndiyo. Kulikuwa na mmoja wenu. Alikuwa ameketi. Aliinua mkono."

"Mbona hamkumleta?"

Dereva aliisemesha simu tena, bila ubaya wowote usoni, kama mtu anayeelezea njia.

"Hakuwa na kijani."

Nilipiga kelele hadi nikachomwa sindano. Kesho yake niliomba gari, wakaniambia kesho. Keshokutwa wakaniambia mahali pale pameshachukuliwa na upande wa pili. Walienda kumchukua maiti na kumwacha mzima. Nimelizungusha jambo hili kichwani miaka miwili na halina upande wa kulishikia.

Mimi waliniachilia paja lilipokataa kupona, mtu asiye na mguu mzuri hafai kutangulizwa. Nilirudi na fimbo. Tangu hapo mimi na mama yake tumezunguka ofisi hadi walinzi wanatujua. Huku tunaambiwa jina halipo kwenye orodha ya waliokufa. Kule tunaambiwa halipo kwenye orodha ya waliotekwa. Halafu tunaambiwa halipo hata kwenye orodha ya waliosafiri! Karani mmoja alimuuliza mama, mbele yangu, kama ana uhakika alikuwa na mtoto. Ningekuwa na miguu miwili mizima ningeruka ile kaunta.

Mama Momanyi sasa anaishi kwenye kiploti upande wa Mogogosiek, na ng'ombe mmoja. Nilimweleza kila kitu, ile droni, bendeji, selotepu. Sikumweleza ule mkono ulioinuliwa. Nilijiambia namhurumia. Ukweli ni kwamba nilikuwa najihurumia mwenyewe.

Mwezi uliopita wazee wa kanisa waliamua imetosha, afanyiwe ibada ya mazishi, mama apumzike. Jeneza lingewekwa nguo zake. Walihitaji mtu mmoja tu asimame na kusema alimwona akifa. Pasta alinipigia simu.

"Sema tu amelala, kijana wangu. Uwongo wa kumfariji mzazi si dhambi kubwa."

Nilikubali. Nilipiga pasi shati. Ibada ilikuwa Alhamisi, na Jumatano alasiri nilienda kwa mama. Nilimkuta amepika chai, na ile suti ya harusi ya binamu, ambayo Momanyi aliivaa mara moja tu, imekunjwa mezani tayari kwa jeneza. Nilitazama mikono ya lile koti, kisha nikamgeukia.

"Mama, kuna kitu sikukuambia."

"Najua," akasema. "Tangu urudi hujawahi kumaliza chai yangu."

Nikamwambia. Gari lilirudi. Alikuwa ameketi. Aliinua mkono. Sikuongeza wala kupunguza, na nilimwambia pia kwamba ile selotepu ningeweza kuirudisha.

Hakulia. Alinyoosha mkono mmoja wa koti la ile suti.

"Aliinua mkono gani?"

"Sijui, mama. Sikuuliza."

"Ni wa kushoto," akasema. "Yeye hufanya kila kitu na kushoto."

Akainuka, akachukua suti, akaitundika kwenye msumari ukutani. Kisha akaniambia nimpigie pasta na nimpe simu. Nilimsikia akisema kwa utulivu, kama anayeahirisha harambee:

"Hapana, pasta. Mimi siwezi kuzika mtu ameinua mkono."

Wazee wamenikasirikia. Wanasema nimemfunga mama wa watu kwenye mlango, atangoja mpaka afe. Inawezekana wana haki. Siku nyingine nafikiri nilimrudishia mtoto wake, siku nyingine nafikiri nilimnyang'anya kaburi, na hakuna ofisi ya kuniambia ni lipi. Na hao wa kijani, ambao wangeweza kumaliza jambo hili kwa kusogea kando kidogo ndani ya gari, wanalala vizuri.

Sasa nachuma kwenye kishamba cha baba, fimbo nimeichomeka chini kando yangu. Ni mistari michache, naifanya peke yangu, na nikifika katikati huwa nasimama kuangalia mwisho wa pili. Siku zote nimekuwa mtu wa kufuatwa. Mguu huu haunifikishi mbali, lakini nikimaliza mstari nazunguka, naingia unaofuata kutoka upande wa pili, na kuchuma kuelekea mahali ambapo hakuna mtu.