Ataona Nini Ulaya?

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na mitumba ikajaa Masasi, shule yetu nayo ikapata rafiki: shule moja ya Ulaya iliyotaka mwanafunzi wetu mmoja akasome kwao kwa muhula. Darasani nilikuwa naongoza mimi, tena kipofu. Mwalimu mkuu akawauliza wenzake, nami nimesimama hapo hapo kama kabati, "Huyu akifika Ulaya ataona nini?"

Mama, aliyekuja kutoka kijijini kwetu Mkunya kuniombea nafasi, akamwamkia shikamoo vizuri kabisa, kisha akamuuliza, "Kwani mwalimu, mnampeleka kusoma au kushangaa maghorofa?"

Nikaenda. Nilikula viazi mpaka nikaota ming'oko, ile mizizi tunayochimba porini kwetu. Mezani, mwenyeji wangu hakuniuliza mimi, alimuuliza aliyekaa karibu yangu, "Huyu anakula nyama?" Ati macho yakifa, na mdomo nao umezikwa.

Niliporudi, mwalimu mkuu alikuwa wa kwanza kunidaka getini, kasahau kila kitu. "Haya mwanangu, Ulaya umeionaje?"

"Kama hapa tu, mwalimu," nikamjibu. "Vipofu wamejaa, ila mwenye fimbo nilikuwa mimi peke yangu."