Viberiti Viwili, Choo Kimoja

Nakiri mwenyewe kabla hamjaambiwa na wengine: niligawa choo cha mtoto mmoja kwenye viberiti viwili, na mimi ni mtu niliyesoma mpaka kidato cha nne.

Ilikuwa wakati wa vita. Sista wa afya ya shule alibaki peke yake (mwenzake alichukuliwa kuhudumia majeruhi), akawa anazungukia shule zote za huku Bukiriro kwa baiskeli, akaagiza kila mwanafunzi alete choo kidogo cha kupimwa minyoo ndani ya kiberiti kitupu chenye jina lake. Asubuhi hiyo mwanangu Festo alitoa chake bila matata, lakini dada yake Yusta alichuchumaa mpaka miguu ikafa ganzi, wapi, na mimi nataka kurudi kwenye redio yangu nisikie jeshi limefika wapi, basi nikaokota kijiti, nikamgawia cha kaka yake, nikaandika majina yote mawili kwa mwandiko safi kabisa.

Majibu yakaja: wote wazima. Nikatamba.

Wiki mbili baadaye wazazi tunapalilia mihogo ya shule, sista akamkuta Yusta amejilaza kivulini, akamfunua kope, akasema mtoto huyu hana damu, apimwe upya. Hasira zikanipanda. Nikainua jembe mbele ya kijiji kizima, nikamuuliza anapima ya nini kama majibu yake mwenyewe hayaamini, nikasema hatukuhamia vijiji vya ujamaa ili watoto wetu wachezewe (nilisema mengi, redio ilishanifundisha kuhutubia).

Sista akamwinamia Yusta.

"Mwanangu, kile kiberiti kilikuwa na choo chako?"

"Hapana, sista. Baba alinigawia cha Festo."

Majembe yote yalisimama, halafu watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini.

Ilikuwa safura, minyoo inayopenya nyayoni (Festo ana malapa, Yusta hutembea peku). Alimeza dawa ya minyoo na vidonge vya damu mpaka rangi ikamrudi. Mimi hasira hazijaisha: sista alishindwa nini kuniita pembeni? Na nesi mmoja kwa shule zote hizo, ndiyo huduma hiyo? Kijiti lakini sitashika tena, hata cha kuchokonolea meno.

Siku ile ile, njiani tukitoka shambani, nikamlalamikia jirani yangu Mama Nyamwiza kwamba nimedhalilishwa. Hakupunguza hata mwendo.

"Baba Festo, wewe unashinda nyumbani kutwa nzima, ukashindwa kumsubiri mtoto aende chooni?"