Herufi za Mlazo kwa Muuza Ndizi

Watu waliona ni mzaha mama yangu, muuza ndizi wa soko la Daraja Mbili, kutaka kadi za harusi. Alikuwa ameishi na baba miaka mingi, akatuzaa sote, na sasa ndipo walikuwa wanafunga ndoa kanisani. "Kadi za nini? Si awaambie kwa mdomo," alisema bosi wangu. Mimi nilikuwa mpanga herufi katika kiwanda chake kidogo cha kupiga chapa mjini Kisii, mwanamke peke yangu humo, mwanzoni mwa miaka ya sabini.

Nilimwambia kadi zitakuwepo, tena kwa herufi za mlazo.

Seti hiyo ya herufi, zilizosubiwa kwa madini ya risasi, tulikuwa nayo moja tu. Kila herufi iliinama kidogo kulia, kama mtu anayepanda mlima wa Manga bila haraka. Miguu yake iliishia kwa ncha nyembamba, na mkia wa f ulining'inia nje ya kipande chake cha risasi. Ukiubana vibaya unavunjika. Matangazo ya mnada na ya dawa za ng'ombe tuliyapanga kwa herufi za wima. Mlazo, eti, ulikuwa wa wakubwa, wakioa na wakifa. Nani aliamua hivyo? Mimi sikuulizwa.

Taabu ilikuwa uchache wa k na a. Seti ilitoka Uingereza, ambako k haina kazi nyingi na a haitumiki kama kwetu. Sisi hatuwezi kumkaribisha mtu kanisani bila kuzimaliza. Kwa hiyo nilipanga nusu ya juu ya kadi, nikaichapa, nikarudisha herufi kwenye trei, kisha nikapanga nusu ya chini na kupitisha kadi zile zile tena. Nilikuwa katikati ya nusu hiyo ya pili diwani alipoingia. Binti yake anaolewa, anataka mlazo, na anautaka leo.

"Bomoa hiyo," bosi aliniamuru, akionyesha kazi ya mama.

"Sibomoi."

"Wewe msichana, unajua huyu ni nani?"

"Namjua. Karibu, mheshimiwa. Kadi za mama yangu ziko kwenye mashine. Utangoja."

Bosi alisema nikivuta tena mkono wa mashine, nisirudi kesho. Kazi nyingine sikuwa nayo, sidanganyi. Lakini hasira ilinizidi. Nikavuta. Nikavuta tena, diwani akiwa amesimama hapo na kofia yake mkononi, mpaka kadi zikaisha.

Jioni nilimpelekea mama kadi zake sokoni, nikamweleza kwamba nimefukuzwa na kwa nini. Alifuta mikono kwenye leso, akachukua kadi ya juu kwa ncha za vidole.

"Hii mpelekee bosi wako," alisema. "Mwambie asikose kuja. Ndizi zitakuwa za kutosha."